Uhuru ilipaa Ngwana, Taifa-1 ikapaa California

Jumamosi, 15 Aprili 2023, saa 3:48 asubuhi kwa saa za Nairobi. Kule Vandenberg, California, bado ni Ijumaa usiku, zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa sita. Injini tisa za Falcon 9 zinawaka kwa pamoja. Chini ya kofia ya roketi mna mizigo 51, na mmojawapo ni kisanduku chenye upana wa sentimita 10, kimo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 30. Ndani yake mna kamera. Jina lake ni Taifa-1, setilaiti ya Kenya.

Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, kwa hiyo roketi ilipopaa watu walishangilia kwa nguvu, na walikuwa na kila haki ya kushangilia.

Halafu likaja swali.

Mbona California? Ngwana, kwetu pwani, si ipo?

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki nyingi. Jibu lililonijia kwanza ni lile ambalo karibu kila mtu analo mdomoni: tumekalia mali. Tuna Ikweta, tuna bahari wazi upande wa mashariki, tuna jukwaa la kurushia roketi la Waitaliano pale Ngwana tangu miaka ya sitini, na bado tunapanga foleni kwa watu. Nimelipima jibu hilo kwa hesabu, kwa ramani na kwa historia. Lina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni mdogo kuliko nilivyodhani.

## Jumamosi nyingine

Tarehe 12 Desemba 1970 nayo ilikuwa Jumamosi. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru. Katika ghuba ya Ngwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la chuma la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa takribani kilo 140. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo upande wa NASA, aliipa jina la Kiswahili kwa heshima ya wenyeji wake na ya siku yenyewe: Uhuru.

Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka angani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilifika kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kutoka jukwaa hilo: za Italia, za Marekani na moja ya Uingereza. Zote zilipanda Scout, na hapo pana jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Scout ilikuwa na vipande vinne vilivyopandana, vyote vya fueli ngumu. Fueli ngumu humiminwa na kugandishwa kiwandani, ikafika jukwaani tayari ndani ya ganda lake. Haihitaji mtambo wa kupoza oksijeni hadi nyuzi 183 chini ya sifuri, wala matangi na mabomba ya kuijaza roketi saa chache kabla ya kuruka. Ndiyo maana jukwaa lililosimama kwa miguu ya chuma kwenye mchanga wa bahari liliweza kurusha setilaiti. Jukwaa lilikuwa la mhandisi Luigi Broglio na Waitaliano wenzake. Roketi ilikuwa ya Marekani.

Scout ilistaafishwa mwaka 1994, na hakuna roketi nyingine iliyopeleka setilaiti kutoka Ngwana.

## Kasi kwanza, urefu baadaye

Wengi wetu tukifikiria kurusha setilaiti tunafikiria kupandisha kitu juu. Juu ndiyo sehemu rahisi. Setilaiti ikipelekwa kilomita 500 juu kisha ikaachiwa, itarudi chini kama embe. Ili ibaki huko lazima iende kando, sambamba na ardhi, kwa kasi ya karibu kilomita 7.6 kwa sekunde, ili kila inapoanguka, mviringo wa dunia uwe unaikimbia kwa kipimo hichohicho. Ukijumlisha kasi inayopotea kwa kupigana na uzito na kwa kupasua hewa, roketi inatakiwa kuzalisha kama kilomita 9.4 kwa sekunde.

Korea Kusini ilijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 21 Oktoba 2021, roketi yao ya Nuri ilifika kilomita 700 juu, urefu uleule waliokuwa wameupanga. Lakini injini ya kipande cha tatu ilizima sekunde 46 mapema. Kasi haikutosha, na mzigo wa majaribio wa tani moja na nusu ukaanguka baharini kusini mwa Australia. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya tangi la oksijeni kulikuwa na chupa ya heliamu. Roketi inapoongeza mwendo, kila kitu ndani yake huwa kizito mara kadhaa, na nguvu inayosukuma chupa ielee huongezeka vilevile. Vishikizo vya chupa havikuwa vimepigiwa hesabu hiyo. Vikalegea, chupa ikang'oka, oksijeni ikavuja. Walirekebisha, na tarehe 21 Juni 2022 Nuri ikafika.

Sababu ya vipande kupandana ni hesabu isiyo na huruma. Gesi ya injini hutoka kwa kasi ya kilomita 3 kwa sekunde hivi. Ukitaka kufika 9.4 kwa kipande kimoja, asilimia 96 ya uzito wote wa roketi iwe fueli, na asilimia 4 inayobaki iwe matangi, injini, waya na mzigo. Kwa hiyo unabeba tangi, unalimaliza, unalitupa, unaendelea na dogo zaidi. Falcon 9 inaondoka ikiwa na tani kama 549, nyingi zikiwa oksijeni na ndugu msafi wa mafuta ya taa tunayotia kwenye jiko. Baada ya sekunde 70 hivi hewa inaikaba kuliko wakati wowote, kwa sababu kasi imeshakuwa kubwa na hewa bado haijawa nyepesi. Dakika ya pili na nusu kipande cha kwanza kinaachia. Dakika ya tisa kipande cha pili kiko kwenye obiti. Kwa safari ya abiria wengi kama ile ya Taifa-1, injini inawashwa tena baadaye kunyoosha obiti, na mizigo inaanza kuachiwa mmoja mmoja karibu saa nzima baada ya kuondoka.

Katika dakika hizo tisa, kosa dogo halina pa kujificha. Ariane 5 ya kwanza, 4 Juni 1996, ilivunjika chini ya dakika moja baada ya kuruka kwa sababu programu ilijaribu kuingiza namba kubwa kwenye nafasi ya namba ndogo. Novemba 2020, roketi ya Vega, ambayo ni kazi ya mikono ya Italia kwa sehemu kubwa, ilipoteza setilaiti mbili kwa sababu nyaya za kuelekeza injini ya kipande cha mwisho zilichomekwa kinyume. Kompyuta ikaamuru kulia, injini ikaenda kushoto.

## Ikweta inatoa kiasi gani hasa?

Hapa ndipo nilipoanza kusita.

Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ukiwa Ngwana, nyuzi karibu 3 kusini, ardhi inakubeba kwa mita 464 kila sekunde kabla hujawasha chochote. Ukiwa Cape Canaveral, Florida, inakubeba kwa mita 409 hivi. Tofauti ni mita 55 kwa sekunde, kati ya mita 9,400 zinazohitajika.

Nililirudia hesabu hilo mara kadhaa, maana nilitarajia tofauti kubwa zaidi.

Faida halisi ya Ikweta iko kwingine, kwenye mwinamo wa obiti, yaani pembe kati ya njia ya setilaiti na mstari wa Ikweta. Roketi haiwezi kwenda moja kwa moja kwenye obiti yenye mwinamo mdogo kuliko latitudo ya mahali ilipoondokea. Ukirusha kutoka Florida utapata nyuzi 28 na nusu au zaidi. Ukitaka sifuri, itabidi upinde njia ukiwa angani, na kupinda ni ghali kuliko karibu kila kitu kingine. Setilaiti za televisheni na mawasiliano zinazokaa juu ya Ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, zikitokea Florida hutumia mita kama 1,800 kwa sekunde kumalizia safari yao. Zikitokea Kourou, Guyana ya Kifaransa, nyuzi 5 kaskazini, hutumia mita kama 1,500. Tofauti hiyo ni fueli inayobaki tangini, na fueli hiyo ni miaka ya kazi. Ulaya imejenga biashara nzima juu ya jambo hili.

Uhuru nayo ilihitaji mwinamo mdogo kwa sababu yake. Juu ya Atlantiki ya Kusini, mkanda wa mionzi unaoizunguka dunia unashuka chini, na vifaa vya kuhesabu eksirei vikipita humo hupofuka. Kwenye mwinamo wa nyuzi 3, Uhuru ilikwepa sehemu mbaya kabisa ya eneo hilo. Ngwana ilikuwa mahali pake sawasawa.

Sasa weka Taifa-1 kwenye hesabu hiyohiyo.

## Mstari unaopita juu ya Pemba

Setilaiti ya kupiga picha za mashamba, misitu na mafuriko inataka kupita juu ya kila mahali saa ileile ya jua, ili kivuli cha leo kilingane na kivuli cha wiki ijayo. Kwa hilo inawekwa kwenye obiti inayofuatana na jua, yenye mwinamo wa nyuzi 97 au 98. Inapita karibu na ncha zote mbili za dunia, ikienda kidogo kinyume na mzunguko wa dunia. Kwa setilaiti kama hiyo, zile mita 464 za Ikweta hazisaidii kitu. Zinakuwa deni la kulipa.

Kisha chukua ramani. Kutoka Ngwana, obiti hiyo inadai roketi ielekee kusini, ikiinama magharibi kwa nyuzi kama 10. Fuata mstari huo kwa rula. Unapita juu ya Pemba. Unapita karibu kabisa na Dar es Salaam. Unaendelea juu ya kusini mwa Tanzania hadi Msumbiji. Ukigeuza uelekee kaskazini, unapita juu ya Tana River, juu ya Garissa, kisha Ethiopia. Kipande cha kwanza cha roketi hudondoka mamia ya kilomita mbele ya jukwaa, na roketi ikikorofisha, yote hudondoka. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetoa kibali hicho. Unaweza kutoka mashariki kwanza kisha ukapinda ukiwa juu ya bahari, lakini tumeshaona kupinda kunagharimu nini.

Vandenberg, kwa upande wake, ina pwani inayotazama kusini, na mbele yake ni Pasifiki kwa maelfu ya kilomita.

Kwa hiyo Taifa-1 isingeondokea Ngwana hata kama jukwaa lingekuwa limepakwa rangi mpya jana na roketi imesimama juu yake.

Hapo ndipo jibu langu la kwanza lilipovunjika.

## Na setilaiti zinazohitaji Ikweta kweli?

Nilijipa faraja: basi Ngwana ibaki ya wale wanaotaka mwinamo mdogo. Wapo. Italia yenyewe mwaka 2007 ilirusha AGILE, setilaiti ya mionzi ya gama, kwenye obiti ya nyuzi 2 na nusu. Iliondoka Sriharikota, India, kwa roketi ya PSLV.

Halafu kuna IXPE, ambayo kwangu ndiyo iliyofunga mjadala. Ni setilaiti ya eksirei ya Marekani na Italia, mjukuu halali wa Uhuru, kilo kama 330, iliyotakiwa kukaa karibu kabisa na mwinamo sifuri. Mpango wa awali ulikuwa roketi ndogo inayodondoshwa kutoka kwenye ndege karibu na Ikweta. Lakini zabuni ilipofunguliwa mwaka 2019, Falcon 9 ilishinda kwa dola milioni 50.3 pamoja na gharama za huduma zake. Tarehe 9 Desemba 2021, roketi yenye uwezo wa kubeba tani zaidi ya 20 iliondoka Florida na mzigo wa theluthi ya tani, ikapinda nyuzi 28 angani. Kupinda huko peke yake ni karibu kilomita 3.7 kwa sekunde, nusu ya kasi ya obiti yenyewe. Ikaonekana rahisi kufanya hivyo kuliko kutafuta roketi ndogo iliyo mahali panapofaa.

Na jiografia bila roketi? Brazil ina Alcântara, nyuzi 2 kusini, nzuri kama Ngwana. Roketi yao ya VLS ilifeli mwaka 1997 na tena 1999. Agosti 2003, siku tatu kabla ya jaribio la tatu, injini moja ya fueli ngumu iliwaka yenyewe ikiwa bado mnarani. Watu 21 walikufa, wengi wao wakiwa mafundi na wahandisi ambao nchi ilikuwa imewasomesha kwa miaka mingi. Siwezi kuzungumzia kituo cha kurushia bila kuwakumbuka.

## Wanaoweza

Nchi zilizowahi kupeleka setilaiti kwa roketi yao wenyewe ni chache. Umoja wa Kisovieti 1957, Marekani 1958, Ufaransa 1965, Japani na China 1970, Uingereza 1971, India 1980, Israel 1988, Iran 2009, Korea Kaskazini 2012, kisha Korea Kusini. Nchi za Ulaya zinarusha kwa pamoja tangu 1979. New Zealand iliingia mwaka 2018 kwa roketi ya kampuni binafsi, Electron.

Hakuna nchi ya Afrika. Hata hivyo Ufaransa ilirusha setilaiti yake ya kwanza ikiwa Hammaguir, Algeria, kisha ikaondoka mwaka 1967, mwaka uleule Ngwana ilipoanza kupeleka setilaiti. Na huko Shaba, Zaire, kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilipewa eneo kubwa mno na Mobutu, ikarusha roketi za majaribio mwaka 1977 na 1978. Hakuna iliyofika kwenye obiti, na mwaka 1979 mradi huo ukasimamishwa.

Israel inastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Inarusha kuelekea magharibi, kinyume na mzunguko wa dunia, kwa sababu mashariki kuna majirani na magharibi kuna bahari. Inalipa kasi ili isiangushe vipande juu ya vichwa vya watu. Uingereza nayo ilifaulu Oktoba 1971 kwa roketi ya Black Arrow, miezi mitatu baada ya serikali kutangaza kuufuta mpango wenyewe. Haijarudia tena kwa roketi yake.

Jambo moja la kisheria wengi hawalijui. Kwa Mkataba wa Dhima wa 1972, dola inayorusha ni ile inayorusha, inayoagiza kurushiwa, na pia ile ambayo ardhi au kituo chake kimetumika. Madhara yakitokea ardhini, hailazimu kuthibitisha uzembe, dola inalipa. Anayetamani Ngwana ifufuke kwa roketi za wageni ajue kwamba bili ya ajali ingefika Nairobi pia.

## Kazi iliyo ndani ya kisanduku

Kwa nchi zetu, kurusha maana yake ni kununua nafasi, na nafasi imekuwa rahisi. Mwaka 2019 SpaceX, kampuni yenye Falcon 9, ilitangaza dola milioni 1 kwa kilo 200. Njia nyingine ni kupitia Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako setilaiti hufika kama mzigo wa kawaida kisha huachiwa kwa mkono wa roboti wa Kibo, maabara ya Japani. Ndivyo ilivyoanza safari ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi Mei 2018, RWASAT-1 ya Rwanda Novemba 2019 na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2022. Kasoro yake ni kwamba kituo kiko chini, kilomita 400 hivi. Mabaki ya hewa hula kasi, na kisanduku huungua baada ya mwaka mmoja au miwili.

Ugumu umehamia kwenye kisanduku chenyewe. Kinasafiri kikiwa kimezimwa, ndani ya boksi la chuma lenye mlango na springi. Swichi ndogo kwenye pembe zake hubanwa na ukuta wa boksi. Kikisukumwa nje, swichi zinafunguka, umeme unapita, saa inaanza kuhesabu. Kinatakiwa kunyamaza angalau nusu saa kabla ya kukunjua antena, kisimgonge jirani. Antena yenyewe mara nyingi ni utepe wa chuma kama wa futi ya fundi seremala, uliokunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Kipande kidogo cha waya kinapata moto, kinaukata uzi, utepe unaruka wazi. Uzi usipokatika, setilaiti nzima iliyojengwa kwa miaka inakuwa bubu.

Ndiyo maana kabla ya safari hutikiswa kwenye meza ya mitetemo kwa pande tatu, hufungiwa kwenye chumba kisicho na hewa kinachopashwa na kupozwa, na ombi la masafa ya redio hupelekwa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mapema sana. Masafa yakichelewa, setilaiti iliyo tayari hubaki kabatini. Na hata ikifika salama, kati ya mizigo 51 iliyoachiwa kwa mfululizo, rada inaona vitone vinavyofuatana, na inaweza kuchukua siku nyingi kujua kitone kipi ni chako. Fundi wa kituo cha ardhini huelekeza antena kwa kukadiria, anasikiliza dakika chache, kimya, anasubiri mzunguko unaofuata.

Kusikiliza. Hicho ndicho nilichokuwa sikukiona nilipoikodolea macho Ngwana kama mnara wa kurushia tu. Setilaiti ya mwinamo mdogo haiwezi kuikwepa Malindi. Kila mzunguko inapita juu yake. Kituo cha Broglio pale Ngomeni kilipokea data za AGILE, na kwa IXPE ndicho kituo kikuu cha ardhini. Makubaliano mapya ya Kenya na Italia yalitiwa saini Trento mwaka 2016, na swali ninaloona lina uzito sasa ni Wakenya wangapi wameketi mbele ya mitambo ile, wakiwa na mamlaka gani juu ya antena na data.

IXPE inaipita Malindi kila baada ya dakika 103 hivi. Inachomoza magharibi, upande wa nchi kavu, antena inaifuata kwa dakika kumi na kitu ikishusha ilichokusanya, kisha inazama mashariki baharini, upande ule ambako Uhuru ilielekea.